Kikombe Kitupu

Krr. Krr. Krr.

Mama Redio alifumbua macho gizani akasikiliza. Si panya. Panya huacha akisikia mtu amejigeuza. Huu ulikuwa ukucha mdogo, unakwaruza ukuta, unapumzika, kisha unaendelea. Alinyoosha mkono hadi kwenye godoro la chini, akaushika mkono wa binti yake. Vidole vilikuwa na unga wa chokaa. Midomo pia.

"Acha, mama. Ukuta hauliwi."

Mtoto hakujibu. Mwaka jana tu angejibu, tena kwa maswali: kwa nini hauliwi, nani kasema, wewe umeshauonja? Majirani ndio waliompa jina la Redio, kwa kuwa alianza matangazo alfajiri na hakuyafunga mpaka usingizi umbebe. Aliongea na kuku, aliongea na ndoo, aliongea na watu waliopita zao. Sasa alikuwa anakaribia miaka mitano, na siku nzima ungemsikia akisema maji, au hapana, au akilia huku amejishika tumbo. Majirani waliendelea kumwita Redio. Wengine walipolitamka jina lile waliinamisha macho.

"Anataka nini?" baba yake aliuliza kutoka upande wa pili wa kitanda.

"Anakula ukuta."

"Minyoo hiyo. Nitamnunulia dawa."

"Mwezi uliopita ulimnunulia."

"Basi hawakufa wote," alisema, akajifunika shuka.

Kulipopambazuka, Mama Redio alitoka uani. Uani ndiko mumewe alikofanyia kazi. Alinunua betri kuukuu za magari, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake shimoni, kisha akatoa madini ya risasi yaliyomo ndani na kuyayeyusha kwenye karai mpaka yapate umbo la tofali. Mtu wa viwanda alipita na gari kuyachukua matofali hayo. Kazi ile ndiyo iliyolipa kodi, kwa hiyo mtaani aliitwa Fundi Betri, na kwa heshima.

Mume na mke wote waliijua tindikali. Mume ilimtoboa suruali zote. Mke ilimwachia kovu la mviringo juu ya kifundo cha mkono, siku zake za kwanza kazini maabara. Kwa hiyo nyumba nzima iliiheshimu tindikali kama mkwe. Madumu yake yaliwekwa juu, penye kufuli. Redio alichorewa mstari ardhini na kuambiwa asiuvuke. Risasi yenyewe hakuna aliyeiogopa. Ilikuwa nzito, laini, haichomi wala haing'ati. Vumbi lake la kijivu lilitua kwenye majani ya mpapai, kwenye kamba ya nguo, kwenye kizingiti, nao walilifagia kama wanavyofagia vumbi jingine lolote.

Aliianua flana kutoka kwenye kamba. Ilikuwa shuka la Redio la uchangani, ameikata vipande, ameichemsha kwa sabuni mpaka ikawa laini kama sikio. Aliikung'uta, akaikunja vizuri, akaitia mkobani kwenda nayo kazini.

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya stoo ya vifaa vya ofisi. Watu walileta pale udongo, nafaka, maji ya visima na hata midoli, wakataka kujua kama vina madini yenye sumu. Kila sampuli ilitiwa kwenye kikombe kirefu cha plastiki nyeupe nene, ikamiminiwa tindikali, ikafunikwa kwa nguvu, ikaingizwa kwenye tanuri la maikrowevu. Humo ilichemka kwa shinikizo kubwa mpaka udongo ukawa maji. Maji hayo ndiyo yaliyosomwa na mashine.

Vikombe vikitoka, vilikuwa vya Mama Redio. Aliviloweka kwenye tindikali iliyopunguzwa makali, akavisuuza kwa maji yaliyosafishwa, akavipanga kichwa chini kwenye kichanja. Vikikauka, alivikagua kimoja kimoja chini ya taa: je, kuna mchubuko ndani, kuna doa, mdomo umevimba au kupinda? Kisha ganda la nje, ambalo kila kikombe huvaa kama koti: kuna ufa, hata wa unywele? Na kati ya kikombe na ganda lake kusiwe na unyevu, hata tone, maana tone hilo tanuri litalichemsha na plastiki itaungua. Kazi hii alifundishwa na mtangulizi wake kwa wiki mbili, na mengine aliyasoma mwenyewe katika darasa la jioni, mtoto akiwa mgongoni. Aliipenda. Alipenda kunyanyua kikombe kwenye mwanga na kukiona ndani hamna kitu.

Lakini sampuli zilikuwa zimeongezeka, vikombe vikawa havipati muda wa kukauka vyenyewe, na zile karatasi laini za kufutia zilikwisha, nyingine hazijaletwa. Karatasi za msalani zinachubua. Ndiyo maana ya flana.

Asubuhi ile Miwani, fundi wa maabara, alimpokea mlangoni akiwa hana utani, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia hofu.

"Shikamoo ya leo kaitoe ndani kwanza," alimwambia. "Bi Sifuri anakusubiri. Kikombe kitupu kimesoma tena."

Katika kila awamu, kikombe kimoja kilitiwa tindikali peke yake, bila sampuli. Hicho ndicho kikombe kitupu. Kikisoma kitu, basi uchafu umetoka maabara yenyewe, na majibu yote ya awamu ile hayaaminiki. Na kwa wiki kadhaa kikombe kitupu kilikuwa kinasoma risasi. Majibu ya wateja yalirudishwa. Mteja mmoja, mwenye kiwanda cha unga wa watoto, alikuwa amepiga kelele kwenye simu mpaka walio nje wakasikia.

Bi Sifuri alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke mfupi wa sauti kavu. Jina hilo walimpa nyuma ya mgongo wake, kwa kuwa hakuna nambari nyingine iliyowahi kumfurahisha. Alisimama karibu na sinki, mikono ameikunja kifuani, na wanafunzi wawili wa mafunzo ya kazi kando yake.

"Tindikali nimeipima," alisema. "Maji nimeyapima. Glavu nimezipima. Umebaki wewe."

"Mimi naviosha kama siku zote, mama."

"Basi vioshe mbele yangu."

Aliviosha. Ni kazi aliyoifanya maelfu ya mara, lakini macho yale yalizifanya glavu zimpwaye. Kifuniko kimoja kilimponyoka kikagonga sinki. Mwanafunzi mmoja akavuta pumzi kama aliyeona ajali. "Usiharakishe," Bi Sifuri alisema. "Nyumbani hakukimbii." Mama Redio alisuuza, akasuuza tena, akapanga. Kisha, kwa mazoea, akafungua mkoba wake, akatoa flana, akaanza kukausha midomo ya vikombe.

"Hicho nini?"

"Flana. Karatasi zimekwisha, mama. Hii haichubui."

"Umeitoa wapi?"

"Nyumbani. Ni shuka la mwanangu la zamani. Lakini naichemsha, naichemsha kabisa!"

Mwanafunzi mmoja alicheka. Miwani naye akacheka kidogo, kwa woga, kisha akajuta.

"Nepi," Bi Sifuri alisema taratibu. "Tanuri langu, mashine yangu, jina la maabara hii, vyote vinafutwa kwa nepi." Alichukua koleo, akaishika flana kwa ncha kama mtu anayeokota mzoga, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. "Nenda ukakae nje mpaka nikuite."

Alikaa kwenye benchi la korido, mahali wanapokaa wateja. Wateja wawili walikuja, wakamuuliza malipo yanafanyikia wapi. Aliwaelekeza. Alikuwa amevua koti jeupe na hakujua aliweke wapi, kwa hiyo alilipakata. Alifikiria maneno atakayomwambia mumewe. Alifikiria darasa la jioni, lililobakiza muhula mmoja, na cheti ambacho Bi Sifuri mwenyewe alisema kingemtoa kwenye sinki na kumweka mezani. Aliomba kimoyomoyo nambari iwe ndogo.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili alipoitwa. Wanafunzi hawakuwapo. Bi Sifuri alikuwa peke yake, ameivua miwani yake.

"Kaa."

Hakuwahi kuambiwa akae katika chumba kile. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nimekata kipande cha kile kitambaa, nikakichemsha kwenye tindikali, nikakisoma. Mashine ilishindwa. Nimelazimika kuyapunguza makali maji yake mara mbili ndipo ikasoma. Risasi yote inatoka pale."

"Kwa hiyo si vikombe?"

"Vikombe ni safi."

"Na si mikono yangu?"

"Unaviosha vizuri. Kitambaa ndicho kinachovichafua."

Mama Redio alitabasamu. Hakuweza kujizuia, pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi ilimtoka yote. "Basi nitakitupa, mama. Hata leo. Sitaleta tena kitu cha nyumbani, naapa."

Bi Sifuri hakutabasamu. Alimtazama kwa namna ambayo Mama Redio hakuizoea, kama mtu anayetafuta pa kuuweka mzigo asiuangushe.

"Nyumbani kwenu kuna nini?"

"Kuna nini vipi?"

"Risasi nyingi hivyo haiji hivi hivi. Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anavunja betri. Uani. Lakini tindikali tunaifungia, mama, mtoto haisogelei."

"Mtoto ana umri gani?"

"Atafikisha mitano."

"Anacheza uani?"

"Ndiyo."

"Anakula udongo? Anajishika tumbo?" Bi Sifuri akauliza kwa sauti ndogo zaidi. "Anaongea vizuri?"

Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka lote usoni. Likabaki pale, halina mwenyewe. Alilitazama koti jeupe mapajani mwake, akalikunja mara moja, akalikunja tena, akaanza kulia bila sauti.

Alipofika nyumbani, Redio alikuwa amekaa chini ya kamba ya nguo, anapanga vipande vya plastiki vya betri. Baba yake alichochea moto chini ya karai. Mama Redio hakusalimia. Alimwinua mtoto, akampeleka bombani nje ya geti, akamvua nguo zote, akaanza kumwosha.

"Ametapika?" mumewe aliuliza, amekuja nyuma yake.

"Hajatapika. Zima moto."

"Nizime moto na risasi imeshayeyuka?"

"Hiyo risasi ndiyo iliyomfunga mdomo mwanao."

Alimweleza yote, huku akisugua: kati ya vidole, chini ya kucha, nyuma ya masikio. Maneno ya Bi Sifuri, flana, kipimo. Fundi Betri alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kasema?"

"Mashine."

"Mashine inamjua mwanangu?"

"Inaijua risasi."

"Mimi je? Miaka yote naishika kwa mikono. Nakula chakula na mikono hiyo hiyo. Nimekufa?"

"Kila siku kichwa kinakuuma."

"Kila mwenye familia kichwa kinamuuma!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika popote. Alitoa mfukoni kipande cha risasi kilichoganda, akakishikilia mbele ya uso wake. "Hiki? Hiki ndicho? Tazama." Akakiuma, ili mkewe aone. Meno yake yaliacha alama.

Redio, aliyesimama uchi bombani anatetemeka, alitazama, akanyoosha mkono akitaka naye apewe.

Fundi Betri alikitema. Aliendelea kutema mate, tena na tena, hata mdomo ulipokwisha kukauka. Kisha akarudi uani, akalipiga karai teke. Risasi ilimwagika juu ya udongo, iking'aa, na moto ukafa kwa moshi.

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa mpole kupita kiasi, jambo ambalo lilimtisha Mama Redio kuliko kama angekuwa mkali. Damu ya mtoto ilikuwa imepimwa. Aliwaambia nambari, akaona haiwaambii kitu, akasema tu kwamba ni nyingi, nyingi sana kwa mtoto.

"Dawa ipo?" Fundi Betri aliuliza.

"Ipo ya kuitoa kwenye damu. Itachukua muda. Lakini dawa haina maana kama mtoto atarudi kwenye vumbi lile lile. Mtoeni pale."

"Na maneno yake?" Mama Redio aliuliza. "Yatarudi?"

"Mengine yatarudi."

"Yapi, daktari?"

Aliuliza kana kwamba angeruhusiwa kuchagua. Daktari aliitazama meza yake. Redio alikuwa anavuta uzi kwenye kiti, na wote watatu wakamwacha auvute.

Mama Redio na mtoto walihamia kwa dada yake, chumba kimoja upande wa pili wa mji, sakafu ya saruji inayopigwa deki kila asubuhi. Nguo za zamani zilibaki. Mumewe alibaki pia. Mwenye nyumba alitaka uwanja wake usafishwe kabla hajamruhusu kuhama, na kazi nyingine haikuwa imepatikana. Aliahidi kwamba betri ameziacha. Aliahidi mbele ya dada mtu, kwa mkono wa kulia juu.

"Shemeji," dada mtu alimwambia, "mimi usiniapie. Mwapie huyu asiyesema."

Kazini hakufukuzwa. Bi Sifuri alimhamishia korido na vyoo, mpaka atakapokuwa na hakika kwamba hakuna vumbi linalomfuata. Alilisema hilo akitazama pembeni, na kila wiki alimletea Redio chupa ya maziwa, akaiacha juu ya ndoo. Kichanja cha vikombe sasa kilikuwa na msichana mwingine. Mama Redio akipiga deki mbele ya mlango wa kioo alimwona akivinyanyua kwenye taa, haraka haraka, bila kuuzungushia mdomo kidole. Alitamani kugonga kioo. Hakugonga.

"Habari njema!" Miwani alimtangazia siku moja, akitokea kwa kishindo. "Kikombe kitupu leo sifuri. Sifuri safi! Bi Sifuri nusura acheze."

"Vizuri," alisema, akasukuma dekio. Miwani alisimama pale kidogo, akajua alichokisema, akaondoka kwa kunyata.

Jioni alimkalisha Redio mkekani na kumfundisha upya. Kijiko. Ndoo. Kandambili. Mtoto alitazama midomo ya mama yake kwa makini sana, paji limekunjana, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Wakati mwingine alipata. "Doo," alisema siku moja, na dada mtu akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake neno lilikuwa limepotea tena. Darasa la jioni Mama Redio aliliacha. Saa zile zile zilitakiwa nyumbani. Lakini kitabu hakukiuza. Alikiweka juu ya kabati, mahali atakapokiona.

Baba yake Redio alikuja Jumapili. Alikuwa amekata nywele. Kucha zake alikuwa amezikata mpaka kwenye nyama, na alinukia sabuni tokea mlangoni. Shati lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani bado ipo. Alisimama kizingitini mpaka alipokaribishwa mara mbili, akaingia, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nimepata kazi ya kubeba magunia," alisema. "Ghala moja hivi. Si mbaya."

"Tunashukuru," Mama Redio alisema.

Aliweka mezani pakiti ya biskuti isiyofunguliwa, na juu yake bahasha ya pesa za dawa ya mwezi. Bahasha ilikuwa nene.

Redio aliinuka kutoka mkekani. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na macho yalikuwa na mng'aro ambao baba yake hakuwa ameuona muda mrefu. Alikwenda mpaka mbele ya kigoda, akainua mikono yote miwili juu.

Fundi Betri aliingiza mikono yake kwapani.

"Mbebe basi," Mama Redio alisema. "Si umeoga?"

"Nimetembea. Nina jasho."

"Jasho si kitu."

"Wacha. Siku nyingine."

Mtoto alisimama vile vile, mikono juu. Mama Redio alimtazama mumewe, na mumewe aliitazama pakiti ya biskuti. Mtu anayebeba magunia haogopi kumbeba mwanawe. Aliitazama bahasha. Hakuna ghala linalolipa mbeba mizigo kiasi kile. Na bila kiasi kile hakuna dawa.

"Glavu unavaa?" aliuliza.

Aliibana mikono zaidi kwapani.

"Navaa," alisema.

Fundi Betri alikunywa maji, akauliza habari za dada mtu, akasifu sakafu. Alipoinuka kuondoka aliinama, akamtazama Redio kwa karibu, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, kama watu wanavyotazama kitu dukani ambacho hawawezi kukinunua. Kisha akatoka, akapita kwenye uchochoro akifuata ukuta, shati jipya limemganda mgongoni.

Redio alimfuata mpaka mlangoni. Mikono yake ilishuka polepole, mmoja kwanza, halafu wa pili. Mama yake alichuchumaa nyuma yake ili ambebe yeye, lakini mtoto alijikaza, hakutaka, macho yapo uchochoroni ambako hakukuwa tena na mtu. Paji lake lilikunjana. Midomo ilisogea bila sauti, ikajaribu, ikarudi mwanzo, na Mama Redio akashikilia pumzi.

"Baba amekuja, hajanibeba," mtoto alisema.